Nimeacha nyama, maziwa na mayai: sasa nile nini?

Mwambie mama ntilie kwamba wewe unakula mboga tu, na usishangae akikuletea ugali na samaki. Kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali: mchicha ni mboga, dagaa ni mboga, hata nyama ya ng'ombe ni mboga. Ukibadilisha maneno ukasema huli nyama, atakuuliza kwa upole, "Basi nikuwekee kuku?" Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu walioamua kula mimea pekee, na mara nyingine na mama zao, ambao huwa na wasiwasi kuliko wao.

Vegani ni nani, na anatofautianaje na mtu asiyekula nyama?

Vegani hali chochote kilichotoka kwa mnyama: nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa, mtindi, siagi, samli, na wengi wao hata asali. Asiyekula nyama tu anaweza kunywa chai ya maziwa na kula mayai bila shida. Neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, lakini jambo lenyewe ni la kale. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia huacha nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na kwa wiki nyingi kabla ya Pasaka, na meza zao hazipooi: injera (mkate wao mwembamba wa chachu), dengu, shiro (mchuzi wa unga wa kunde), kabichi na viazi.

Sasa nile nini? Nimechoka kuambiwa "kula saladi".

Achana na saladi kwanza. Hesabu vyakula ulivyokulia navyo. Asubuhi kuna mbaazi za nazi na mahamri, ukiwa na hakika kwamba unga ulikandwa kwa tui na si maziwa. Kuna mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, na uji wa ulezi uliokorogewa kijiko cha karanga za kusaga. Mchana ni wali wa nazi na maharage, ugali na matembele, ugali na mlenda, kisamvu cha karanga, ndizi na maharage kama wanavyopika Bukoba. Kuna makande, na kwa jirani zetu Kenya, githeri. Jioni una bhajia za kunde, kachori, mseto wa choroko, chapati ya mafuta na ndengu. Juu ya hayo weka embe, papai, chungwa, parachichi, fenesi, na kashata ukitaka utamu.

Tatizo la vyakula hivi ni sifa yake, maana ladha haina neno. Vingi tumevipa jina la chakula cha mwisho wa mwezi, na aliyesoma bweni akisikia "maharage" anakumbuka foleni na wadudu. Maharage ya bweni yalipikwa vibaya tu. Yaunge kwa kitunguu, nyanya, tangawizi na tui zito, utamsamehe mpishi wa shule.

Protini nitapata wapi bila nyama?

Tupige hesabu ya mtu wa kilo 60. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani kama gramu 48 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Ugali wa dona wa gramu 200 za unga unatoa kama 16. Kiganja cha karanga, 7. Usiku, wali wa kutosha na kikombe cha mbaazi, kama 16 nyingine. Jumla 54, na hatujagusa uji wa asubuhi.

Ila usile ugali na mchicha peke yake siku nzima ukadhani umemaliza. Protini ya mahindi imepungukiwa na lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo kunde na maharage wanayo kwa wingi. Maharage nayo yamepungukiwa na kijenzi kingine, methionini, ambayo nafaka wanayo. Bibi zetu waliochanganya mahindi na maharage kwenye chungu kimoja cha makande walikuwa wamelitatua hilo. Si lazima viwe kwenye sahani moja, mradi siku isipite bila kunde za aina fulani: maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, soya au karanga. Karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaangwa.

Je, damu haitapungua?

Inaweza, kama hukujipanga. Madini ya chuma yaliyo kwenye mimea hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama, lakini vitamini C huyasaidia sana. Kamulia ndimu kwenye maharage, kula chungwa au embe na chakula, kunywa juisi ya ubuyu. Adui mkubwa ni chai. Kikombe cha chai ya rangi pamoja na mlo huzuia chuma kingi kufyonzwa, kwa hiyo isubirishe kama saa moja. Najua ni vigumu kumwambia mtu wa Pwani hivyo.

Nasikia kuna vitamini B12. Ni nini, na nisipoipata?

Hapa naomba usome polepole. Mengine yote unaweza kuyapata shambani na sokoni. Hii huwezi.

B12 hutengenezwa na bakteria, na sisi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haina kiasi cha kutegemewa. Utaambiwa ipo kwenye uyoga, kwenye spirulina (ule unga wa kijani wa viumbe vidogo vya majini), kwenye mwani ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Usitegemee hivyo. Sehemu kubwa ya kinachopatikana kwenye spirulina kinafanana na B12 lakini mwili hauwezi kukitumia.

Kinachowadanganya watu ni kwamba ini lina akiba inayoweza kukaa miaka. Mtu anaacha nyama leo, mwaka unapita, wa pili unapita, yuko salama, anaanza kutangaza kwamba B12 ni uzushi. Kisha ganzi inaanza vidoleni na kwenye nyayo, kama anatembea juu ya pamba. Uchovu, kusahau, ulimi kuwaka. Mishipa ya fahamu ikiumia kwa muda mrefu, si yote inayorudi kama zamani.

Dawa yake ni rahisi: kidonge cha B12, mikrogramu 10 kila siku, au kimoja cha mikrogramu 2,000 kwa wiki. Ukifika duka la dawa, soma boksi. Vile vidonge vya bei nafuu vya mchanganyiko wa vitamini B mara nyingi vina B1, B2, B3 na B6 tu, B12 haimo. Vile vikali vya "mishipa" huwa na B12, lakini pia vina B6 nyingi mno, na ukivimeza kila siku kwa muda mrefu B6 hiyo yenyewe huweza kuleta ganzi. Unga wa kiwandani ulioongezwa virutubishi unaweza kuwa na B12, imeandikwa kwenye pakiti. Uliosagwa kwenye mashine ya mtaani hauna.

Mifupa je, bila maziwa?

Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi, mchele au ngano. Ufuta pia, na sukuma wiki, na figiri. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila kalsiamu yake imefungwa na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye majani yake, na kidogo tu hufyonzwa. Vitamini D ni jua. Na nunua chumvi yenye madini joto, kwa kuwa samaki na maziwa yaliyokuwa yakikuletea madini hayo umeyaacha.

Mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza?

Anaweza, kwa uangalizi. Amwambie mhudumu wa kliniki waziwazi kwamba hali chochote cha mnyama. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki mara nyingi vina madini ya chuma na asidi foliki tu, bila B12, na asidi foliki huweza kuficha dalili za upungufu wa B12 kwenye damu huku mishipa ikiendelea kuumia. Mama anayenyonyesha akikosa B12, maziwa yake nayo yanakosa, na mtoto anaweza kulegea na kuchelewa kukua. Miezi sita ya kwanza mtoto ni maziwa ya mama tu. Maziwa ya soya ya dukani, yale ya boksi la kunywea chai, hayawezi kuchukua nafasi hiyo.

Nikila kibandani, nitajuaje kilichomo?

Uliza kwa majina. Niliwahi kukaa na kijana mmoja aliyekuwa na mwezi mzima wa kujivunia. Akaagiza wali na mchicha, akauliza kama kuna nyama, akaambiwa hamna. Kijiko cha pili, kichwa cha dagaa kikamtazama. Mama hakudanganya, dagaa kwake si nyama, ni kiungo. Kwa hiyo uliza: umeweka dagaa? Umeunga kwa samli? Supu hii imeanza na mfupa? Urojo unaweza kuagiza bila yai na mishkaki. Mkate wa kumimina mara nyingi una ute wa yai. Biskuti nyingi zina maziwa ya unga.

Nitapona kisukari na presha?

Usiache dawa kwa ajili ya chakula. Mlo wenye kunde, majani na dona husaidia, lakini chipsi na soda navyo ni vya vegani. Tui nalo lina mafuta mazito, lisiwe kwenye kila sufuria. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, apimwe B12 mapema, kwani dawa hiyo nayo huipunguza.

Maharage yananijaza gesi. Nifanyeje?

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Kuloweka kunapunguza gesi zote mbili, ya tumboni na ya mtungi. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto, maana yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha. Magadi huyalainisha haraka lakini huharibu vitamini B1, basi weka chembe tu au acha. Tumbo likikataa kabisa, anza na choroko za kukoboa wiki mbili, kikombe nusu kwa siku, ndipo urudi kwenye maharage.