Soya: vinundu si ugonjwa, na dawa moja haitibu kila kitu

Mkulima wa tambarare za Hai au Moshi Vijijini, mkoani Kilimanjaro, aliyezoea mahindi na maharage, akianza soya hukuta ushauri mwingi wa majirani. Baadhi yake unamtia hasara.

“Mizizi ina vinundu, basi soya inaumwa.” Hapana, tena nasikitika kila ninaposikia mtu kang'oa mimea mizima kwa sababu hiyo. Ndani ya vinundu wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuilisha soya. Kipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kinachochanganya watu ni minyoo fundo, ambayo nayo huvimbisha mizizi. Sugua kwa kidole. Kinundu kimeshika ubavuni mwa mzizi, kwa hiyo kinabanduka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki. Shamba ambalo halijawahi kuwa na soya linaweza kukosa vinundu kabisa, maana bakteria wa maharage si wale wa soya. Hapo mbegu ipakwe bakteria wake kivulini, siku ileile ya kupanda.

“Dawa ni dawa, pulizia tu.” Kutu ya soya ni ukungu, na dawa ya viwavi haiugusi. Huanzia majani ya chini, kwa vivimbe vidogo vya rangi ya udongo upande wa chini wa jani. Ukisubiri hadi majani ya juu yaanze kupukutika, dawa ya ukungu haitaokoa kitu. Mbegu za ukungu huo huja na upepo, kwa hiyo hata shamba safi hushikwa, na hushika upesi majani yanapokaa na unyevu kwa saa sita au zaidi, kama asubuhi za umande na ukungu wa hewani baada ya mvua za masika. Soya ikianza kutoa maua, inama ugeuze majani ya chini. Batobato ni jambo jingine: ni virusi, haina dawa. Ng'oa mche, dhibiti vidukari, na msimu ujao tafuta mbegu safi.

“Jani likitobolewa, mavuno yamepungua.” Kabla ya maua, soya inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya majani na bado ikazaa vizuri. Ukikimbilia dawa mapema unaua buibui na wadudu wengine wanaokula viwavi. Kunguni wanaofyonza maganda ndio wa kuwahi, kwani punje husinyaa.

Magugu nitayasema kwa ufupi: wiki sita za kwanza ndizo zinazoamua. Palilia mapema, maana ukiingia na jembe wakati wa maua utaangusha mengi.

“Soya haifi kwa dawa ya magugu.” Habari hii inatoka Marekani na Brazil, wanakopanda soya iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili glaifoseti, dawa ya magugu inayoua karibu kila mmea. Soya yetu haina kinga hiyo. Ukiipulizia, inakufa pamoja na ndago. Ukinunua dawa, hakikisha imesajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), ambao makao yao makuu yapo Ngaramtoni, Arusha, na kwamba kibandiko kinataja soya. Na bomba lililopulizia 2,4-D, dawa ya magugu ya majani mapana, kwenye mahindi lisiingie kwenye soya kabla ya kuoshwa kwa sabuni na kusuuzwa mara kadhaa, pamoja na mpira na nozeli. Mabaki kidogo tu yanatosha kukunja majani.