Baba ana madoa meusi, mama ana madoa meusi: mtoto asiye na weusi katoka wapi?

Mpwa wangu yuko kidato cha nne hapa Dodoma, na mada inayomkaba ni urithi wa jeni, yale maagizo ya mwili ambayo wazazi huwapa watoto. Jioni moja tumekaa barazani Ipagala, mijusi kafiri wawili wanawinda wadudu kwenye taa, akanionyesha video kwenye simu yake. Mfugaji wa ng'ambo anafuga ndugu wa mbali wa hawa wa ukutani: mjusi chui, mwenye asili ya Afghanistani, Pakistani na kaskazini-magharibi mwa India. Huyu hapandi ukuta, kwa kuwa vidole vyake havinati, na ana kope za kufumba, jambo ambalo mjusi kafiri hana. Kwenye video baba ana madoa meusi, mama ana madoa meusi. Yai likapasuka, akatoka mtoto wa njano na waridi, bila weusi hata chembe.

"Mjomba, hilo yai si limebadilishwa?"

Halikubadilishwa. Kila mjusi chui ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Kuna jeni zinazoshiriki kutengeneza melanini, ile rangi nyeusi ya madoa. Nakala moja nzima inatosha kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo mjusi mwenye nakala moja nzima na nyingine yenye hitilafu ana madoa meusi kama wengine wote, na kwa macho huwezi kumtofautisha. Ile yenye hitilafu imo, imejificha tu. Mwenye kuwa nayo bila kuionyesha huitwa mbebaji.

Nilimletea njugumawe kavu, nyeusi na nyeupe. Nyeusi ni nakala nzima, nyeupe ni ile yenye hitilafu. Nikaweka nyeusi moja na nyeupe moja kwenye mfuko wa "baba", nikafanya vivyo hivyo kwa "mama", nikamwambia afumbe macho achukue punje moja kila mfuko. Yapo matokeo manne yenye nafasi sawa: nyeusi kwa nyeusi, nyeusi ya baba na nyeupe ya mama, nyeupe ya baba na nyeusi ya mama, na nyeupe kwa nyeupe. Hilo la mwisho pekee ndilo linalomtoa mtoto wa njano. Moja kati ya manne.

Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aliyaona haya kwenye njegere alizopanda kuanzia 1856 hadi 1863. Alipochanganya mimea ya maua ya zambarau na ya maua meupe, weupe ulipotea kizazi kizima, kisha ukarudi kwa wajukuu: mimea 705 ya zambarau, 224 ya maua meupe. Karibu tatu kwa moja.

Wengi hukwama kwenye hiyo "moja kati ya manne". Haina maana kwamba wakizaliwa watatu wenye madoa, wa nne lazima awe wa njano. Kila yai linaanza upya, mifuko inarudishiwa punje zake. Mjusi chui hutaga mayai mawili kwa mkupuo, hivyo mfugaji anaweza kukusanya mayai manane kutoka kwa wabebaji wawili asipate hata mtoto mmoja wa njano, na hilo hutokea takriban mara 1 katika 10. Kusema "mayai manane yote wana madoa, basi wazazi hawabebi kitu" ni kukosea. Mtoto mmoja tu wa njano, kinyume chake, anathibitisha kwamba wazazi wote wawili wanayo.

Ndiyo maana pia wakulima wetu wa zabibu, Hombolo na Makutupora, wanapanda vipande vya shina badala ya mbegu. Mbegu ni mifuko iliyochanganywa upya, na mzabibu utakaoota hautafanana na mama yake. Kipande cha shina kinabeba punje zilezile.

Sasa lililonishangaza zaidi nilipolisoma mara ya kwanza. Mijusi chui wasio na weusi wamegawanyika katika koo tatu, zinazoitwa Tremper, Bell na Rainwater. Ukimpandisha wa Tremper kwa wa Tremper, watoto wote wanakosa weusi. Ukimpandisha wa Tremper kwa wa Bell, watoto wanazaliwa na madoa meusi! Chukua nyumba mbili ambazo zote zimelala bila ugali. Moja haina unga, nyingine haina mkaa. Zikiungana, ugali unapikwa. Hitilafu ya kila ukoo iko kwenye jeni tofauti, na kila mzazi analeta nakala nzima ya kile ambacho mwenzake amekosa.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza lililokuwa moyoni. Mtaani kwao yuko mtoto mwenye ualbino, wazazi wake wote ni weusi, na watu wamemsema sana mama yake. Nilitamani majirani wale wangekuwepo pale. Ualbino wa ngozi na macho hurithiwa kwa njia hii hii: punje nyeupe mbili, moja ya mama na moja ya baba. Hakuna mtoto anayepata ualbino huo kwa mama peke yake. Nakala hiyo inaweza kupita kimya kwa bibi, kwa babu wa babu, bila mtu kuitambua. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, na hesabu ya kadirio hilo inaonyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji. Kwenye daladala iliyojaa kutoka Ipagala kwenda mjini, yumkini yumo.

"Na dada yake? Yeye ni mweusi, anataka kuolewa."

Tukarudi kwenye njugumawe. Tayari tunajua dada hana nyeupe mbili, basi tunaliondoa tokeo lile la nne. Yanabaki matatu, na katika mawili kati ya hayo kuna punje nyeupe moja. Uwezekano wa dada kuwa mbebaji ni 2 kati ya 3. Mchumba wake, kama kwao hakuna mwenye ualbino anayejulikana, tunamhesabu 1 kati ya 19. Wakiwa wabebaji wote wawili, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4. Zidisha zote tatu: 1 kati ya 114. Akiolewa na binamu yake wa damu nafasi hiyo inapanda sana, maana binamu naye huenda amechota kutoka mfuko wa bibi na babu walewale.

Mpwa wangu akaandika 114 nyuma ya daftari lake, akaomba apewe njugumawe nne aende nazo kwa dada huyo.