Picha safi, mbona bado anayumba?

Jamaa kaanguka na bodaboda Mwenge, kapigwa picha ya kichwa ya CT, kaambiwa hakuna damu wala ufa. Wiki 6 sasa, kwenye mwendokasi hathubutu kuachia nguzo; akigeuza shingo, Kariakoo yote inazunguka. Nyumbani wanasema anadeka.

Hadeki. Picha ile hutafuta damu na mfupa uliovunjika, haionyeshi viungo vinavyofanya kazi vibaya. Mtikisiko wa ubongo unaweza kuvuruga mizani ya sikio la ndani na kuyafanya macho yachelewe kufuata kitu. Shingo iliyoumia kwa kishindo nayo huleta kichwa kuuma na kizunguzungu. Hayo hupimwa kwa mkono: asimame kapanga nyayo mstari mmoja, macho kafumba, kisha ayafumbue, afuate kidole kwa macho.

Na kulala gizani wiki nzima (ushauri wa majirani, daima) hakusaidii. Baada ya kupumzika siku 1 au 2 tangu kuumia, mtu aanze kutembea taratibu. Dalili zikigoma, mtaalamu wa fiziotherapia ampe mazoezi ya shingo, macho na mizani.