Je, Wajua kwa Nini Kitabu Kilekile Hupendeza kwa Sauti Moja na Kuchosha kwa Nyingine?

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita zipatazo 80, na kwa sisi tunaoipanda Coaster kila wiki safari hiyo imekuwa ndiyo nafasi ya kusikiliza vitabu kwenye simu. Majuzi, tukiwa tumeshapita Boma Ng'ombe, nilikuwa katikati ya riwaya ambamo mume anamwona mkewe mlangoni baada ya miaka mingi na kumwambia neno moja tu: "Umerudi?" Msomaji alilitamka kwa sauti iliyoshuka, likawa "Umerudi." Nikamwona mume mtulivu aliyekuwa akimngoja mwenziwe, na nilibaki na picha hiyo hadi Kikatiti, ambapo maneno yaliyofuata yalinionyesha kwamba yule mtu alikuwa haamini macho yake. Niliirudisha nyuma sura nzima, na mara hii ikawa na uchungu ambao sikuusikia mwanzoni.

Kosa kama hilo ni rahisi kutokea katika Kiswahili, kwa sababu swali la ndiyo au siyo halilazimiki kuwa na neno la kuulizia wala kupangua maneno. Kiimbo peke yake chatosha kuligeuza kuwa taarifa. Mkazo nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini yapo maneno ambayo ukiuhamisha maana inahama nao: barabára ni njia ya magari, barábara ni sawasawa, walakíni ni dosari, walákini ni "lakini". Karatasi haionyeshi tofauti hiyo. Anayesoma kwa macho huikamilisha mwenyewe kimyakimya, ilhali anayesikiliza amemwachia mtu mwingine kazi hiyo, na ndiyo maana msomaji asiyeupitia ukurasa kabla ya kurekodi humharibia mwandishi hata kama sauti yake ni tamu.

Isitoshe, ubongo hauichukulii sauti ya binadamu kama chombo cha kubebea maneno tu. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wachanga wasiozidi siku tatu walibadili namna ya kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama zao ikisoma hadithi, badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 2000 Pascal Belin na wenzake wakachapisha katika jarida la Nature kwamba yapo maeneo ya ubongo yanayoitikia sauti za watu kuliko sauti nyingine. Kwa hiyo kabla hujaielewa sentensi ya kwanza umeshakisia umri wa msemaji na hali ya moyo wake, na ikiwa masimulizi ni ya bibi mzee wa Marangu huku anayesema ni kijana mwenye haraka, masikio yako yatakuwa na watu wawili wanaopingana.

Lafudhi, kwa maoni yangu, hulaumiwa kupita kiasi. Utafiti wa Constance Clarke na Merrill Garrett wa mwaka 2004 uligundua kwamba lafudhi ngeni hupunguza kasi ya kuelewa mwanzoni, lakini pengo hilo hupungua ndani ya dakika moja. Msikilizaji wa Moshi asikikatae kitabu kwa sababu tu msomaji anatamka dh na gh kwa ukamilifu wa Unguja. Ampe muda kidogo.

Kinachochosha zaidi ni mwendo. Jicho hurudi nyuma lenyewe pale lilipopotea, lakini sikio hufuata kasi ya msomaji, na pasipokuwa na kituo baada ya habari nzito, habari hiyo hufunikwa na ijayo kabla haijatulia. Wazee wetu walilijua jambo hili bila maabara. Msimulizi aliyesema "Paukwa!" alisubiri aitikiwe "Pakawa!", na akiona watoto wanasinzia kando ya moto alibadilisha sauti au aliongeza wimbo. Msomaji wa studio yuko peke yake na kipaza sauti, hamwoni abiria aliyeegemea dirisha la gari pale Usa River, na kila kituo anachokiweka anakiweka kwa kumkisia.