"Nikazie kebo tu, fundi": dhana potofu kuhusu viungo chakavu vya uongozaji wa ndege ndogo

Wenye ndege ndogo wana desturi ya kufika hangani wakiwa wamekwisha kujiandikia dawa. Usukani unacheza, wanasema, kwa hiyo kaza kebo, zile kamba za chuma zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye vipande vinavyoiongoza ndege. Mwezi huu nimelipokea agizo hilo mara tatu, na la mwisho lilitoka kwa rubani mwenye miaka mingi angani, jambo lililonifanya nione kwamba maelezo ya mdomo hayatoshi tena.

Ikiwa kebo iko katika mkazo wake sahihi, ule mchezo unaousikia mkononi kabla ailironi, kipande kinachoinuka na kushuka nyuma ya bawa, haijaanza kuitika hautokani na kebo. Hutokana na bushi (bomba fupi linalokaa ndani ya tundu la kiungo) iliyolika, beringi ya ncha ya fimbo iliyopwaya, tundu la bolti lililokwisha kuwa na umbo la yai, au bawaba iliyosagika. Unapoikaza kebo kupita kiasi, unazivuta sehemu hizo chakavu zikaegemea upande mmoja, na usukani hujisikia imara ndege ikiwa imeegeshwa. Mchezo umefichwa, haukuondolewa. Wakati huohuo msuguano umeongezeka katika mfumo mzima, beringi za puli zinabeba mzigo usiokuwa wao, nyuzi za kebo zinasagika haraka pale zinapopinda, na rubani anapoteza hisia ya mkono ambayo ingemwambia mapema kwamba kuna kitu kinakwama. Mteja huondoka akifurahi, nami hubaki na kazi mbili badala ya moja.

Mkazo wa kebo haukisiwi kwa kidole. Kwa Cessna 172 nyingi, kebo za ailironi hukazwa hadi ratili 40, na kitabu cha matengenezo huruhusu tofauti ya ratili 10 juu au chini. Kipimo chake maalumu ndicho kinachoamua, wala si mkono wa fundi hata awe mzoefu namna gani. Halijoto nayo ina neno lake, kwa sababu alumini ya mwili wa ndege hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kebo. Ndege iliyokazwa Nairobi asubuhi ya Julai kwenye nyuzijoto 12, kisha ikaachwa juani Malindi kwenye nyuzijoto 32, mwili wake utarefuka kuliko kebo kwa takriban milimita moja katika kila mita tano. Kebo iliyokuwa imekazwa kupita kiasi tangu mwanzo inazidi kuvutika, na anayeumia ni puli.

Wapo wanaokubali hayo yote, kisha wakauliza mchezo mdogo una ubaya gani. Ubaya wake ni mpapatiko: hewa hukitikisa kipande kilicholegea, mtikisiko huo ukajilisha wenyewe, na mwendo unapokuwa mkubwa kipande hicho kinaweza kung'oka katika muda mfupi kuliko rubani anavyoweza kupunguza nguvu ya injini. Tarehe 16 Septemba 2011, katika mashindano ya Reno, Nevada, ndege binafsi aina ya P-51, ndege ya kivita ya zamani, ilianguka katika eneo la watazamaji na watu 11 wakafa, rubani akiwa miongoni mwao. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba vishikizo vya ndani ya nati za kujifunga vilikuwa vimechakaa, skrubu za kibao cha trimu (kibao kidogo kinachompunguzia rubani kazi ya mkono) cha eleveta, kipande cha mkiani kinachoinua na kushusha pua ya ndege, zikalegea na moja ikaanza kupata ufa, mpaka mpapatiko ukatokea katika mwendo wa mashindano. Ni kweli kwamba Cessna yako haikimbii hivyo. Hata hivyo kitabu chake kimeweka kikomo cha ulegevu wa kibao hicho, na kukaza kebo hakuufikii ulegevu ulio kwenye skrubu na bawaba.

"Ndege yangu hairuki sana, kebo bado mpya." Kutu haisomi saa za kuruka. Ndege inayokaa Mombasa au Unguja ikipigwa na hewa ya chumvi inaweza kuoza kebo ikiwa imesimama, hasa ndani ya msokoto, mahali ambapo kitambaa tunachopitisha kutafuta nyuzi zilizokatika hakifiki. Ndiyo maana kebo yenye dalili za kutu hulegezwa na kupindwa kwa mkono ili ndani yake paonekane.

"Paka grisi kila mahali." La. Grisi kwenye kebo hukusanya vumbi la viwanja vyetu vya murramu na kugeuka msasa, na puli nyingi zina beringi zilizozibwa ambazo hazihitaji kuongezewa chochote. Kuisugua kebo kwa petroli nako ni kosa, kwa maana kunaosha kilainishi kilichotiwa ndani yake kiwandani.

"Bolti ni bolti." Ya dukani yenye unene uleule haina uhakika wa nguvu ileile, na penye kiungo kinachozunguka nati ya nailoni peke yake haitoshi, panahitajika nati yenye meno na spilipini, pini inayoizuia nati isifunguke.

Swali ambalo hakuna anayeniuliza ni nini hasa kinachozila bushi hizo. Mara nyingi ni upepo, unaozipigapiga ailironi na eleveta usiku kucha kwa sababu kifungo cha usukani, kile kinachouzuia usisogee ndege ikiwa imeegeshwa, kimesahauliwa mfukoni mwa kiti.