Kitanda cha kichanga kituoni: tepu kwanza, rangi baadaye

Ukaguzi ukikaribia, vituo vingi vya kulelea watoto hapa Unguja na Pemba hukimbilia kupaka kuta rangi na kuongeza midoli. Vitanda huachwa vilivyo, eti ni vya Ulaya. Mimi huanza na kitanda, maana humo ndimo mtoto anamolala bila mkono wa mlezi juu yake, na akinasa hawezi kujinasua.

Chukua tepu ya fundi upime uwazi baina ya fito. Usizidi sm 6. Ukizidi, mtoto hutanguliza miguu, kiwiliwili kikapita, kichwa kikakwama, akaning'inia kwa shingo. Uwazi ukiwa chini ya sm 4.5 nao ni tatizo, kwani mkono au mguu hubanwa. Fito zikiwa za kukereza, pima kwenye kiuno chake, palipo pembamba zaidi. Mafundi wengi hupima kwenye shina, zinapoingia katika ubao, na pale kipimo hutoka kizuri siku zote. Wako wanaopima kwa kopo la soda. Kopo nene lina karibu sm 6.6, lakini haya membamba ya siku hizi hayafiki hata sm 6, kwa hiyo kopo liacheni.

Kinachoangusha vituo vingi zaidi ni godoro. Kitanda cha kichanga cha Marekani, cha kipimo kikubwa, kina nafasi ya ndani ya takriban sm 71 kwa 133. Magodoro mengi ya watoto ya vipimo vya Ulaya ni sm 60 kwa 120. Ukilitia hili ndani ya kile, likisukumwa upande mmoja linaacha ufa wa sm 11 ubavuni na sm 13 miguuni. Kichanga akibiringika humo, uso unagandamana na ubavu wa godoro na pumzi inaishia hapo. Kuuziba ufa kwa kanga zilizokunjwa au mito ni kuongeza hatari juu ya hatari. Mpelekee muuza sponji vipimo vya ndani ya kitanda akukatie godoro gumu, lisilozidi sm 15 kwa unene, likae hivi kwamba vidole viwili haviingii baina yake na ubavu. Ubonyeze kwa kiganja: ukiinua mkono, shimo lifutike papo hapo. Na ile nailoni ya dukani itoeni, msiigeuze kinga ya mkojo.

Vitanda vya mtumba vyenye ubavu wa kushushwa na kupandishwa, nasema wazi, visinunuliwe. Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza kuanzia tarehe 28 Juni 2011, na vituo vya kulelea watoto vya huko vikapewa hadi tarehe 28 Desemba 2012 viwe vimeshabadilisha vitanda vyote. Vishikizo vya plastiki huvunjika, ubavu ukachomoka kona moja, ukabaki ufa wa umbo la V ambao mtoto huteleza ndani yake. Kuukaza kwa waya au misumari hakukirudishi kitanda kwenye usalama.

Kwa seremala wetu, agizeni bolti na nati zenye kufunga, si skurubu za mbao kwenye sehemu zitakazofunguliwa na kufungwa tena. Mbao hapa hufura masika na kusinyaa kaskazi, tundu la skurubu likalegea, na chuma nacho huliwa na hewa ya chumvi. Kila mwezi tikiseni kila kona na mkaze. Mwambieni pia asitie vichwa vya nakshi kwenye nguzo za kona. Kitanda cha besera kinapendeza kwa bi harusi. Cha kichanga, nguzo isipite ubao wa juu hata kwa mm 2, kwa sababu kola ya nguo hunasa pale mtoto anapojaribu kupanda. Kutoka chaga hadi ubao wa juu iwe angalau sm 66 chaga zikiwa chini kabisa, na mtoto akifika urefu wa sm 89 ahamishwe.

Ndani ya kitanda pawe na godoro, shuka iliyobana, na mtoto aliyelazwa chali. Kimto cha usufi cha kutengeneza kichwa, blanketi, midoli na zile pedi za kuzungushia ubavuni vyote vitoke. Hirizi, mkufu na kamba ya chuchu ya bandia visiwe shingoni wakati wa kulala. Hapa mlezi atumie adabu: mama aelezwe siku ya kuandikisha mtoto, si asubuhi mlangoni, na hirizi ihifadhiwe kwenye bahasha yenye jina hadi aamke.

Chandarua hatuwezi kukiacha. Kitundikwe kwenye dari, kikazwe chini ya godoro pande zote, kisining'inie usawa wa uso, na mtoto asiufikie uzi wowote. Matundu yashonwe siku hiyohiyo, kwani kidole huingia na uzi ukakaza. Baina ya vitanda acheni sm 90, na vyote viwe mbali na kamba za pazia na waya wa feni.

Kitanda kilichokataliwa msikiweke nje ya geti kizima. Kabla ya magharibi kitakuwa kwenye nyumba nyingine kinalaza mtoto. Kikateni fito kwa msumeno kwanza.