Mshauri wa wanafunzi asikae katika ofisi ya nidhamu

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipewa meza ndani ya ofisi ya mkuu wa nidhamu. Shule ilikuwa na nia njema. Chumba kingine hakikuwepo. Juu ya meza kulikuwa na daftari la wachelewaji, nyuma ya mlango fimbo, na nje kwenye benchi waliketi waliotolewa darasani wakingoja adhabu. Mtoto aliyetaka kusema nami alipaswa kukaa kwenye benchi hilohilo, shule nzima ikimwona. Muhula wote nilipokea waliotumwa: huyu kasinzia, yule kapigana, mwingine katoroka. Wa kuja kwa hiari yake sikumwona.

Nasimulia haya kwa sababu wakuu wa shule kadhaa wa Katuba na Kampemba, hapa Lubumbashi, Kongo, wameniuliza swali lilelile tangu masomo yaanze Septemba: "Mama, tumteue mwalimu yupi awe mshauri?" Nawajibu kwamba, ikiwezekana, asiwe mwalimu. Naona wanavyovunjika moyo, maana mwalimu tayari yupo na kumwajiri mtu mwingine ni gharama. Lakini jibu hili sikulitoa kichwani mwangu.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika jimbo la Bihar, India, katika shule 74 za sekondari. Mradi uliitwa SEHER. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata mshauri aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu: si mtaalamu wa saikolojia, ila mtu aliyefunzwa na kusimamiwa vizuri. Katika kundi la pili kazi ileile, kwa mwongozo uleule, alikabidhiwa mwalimu wa shule yenyewe. Kundi la tatu halikuongezewa kitu. Kazi haikuwa ya kukaa chumbani na mtoto mmoja mmoja peke yake: kulikuwa na mikusanyiko ya shule nzima, gazeti la ukutani, vikundi vya mazungumzo, na sanduku ambamo mwanafunzi hutumbukiza karatasi yenye swali au malalamiko.

Mwisho wa mwaka, katika shule zenye mshauri, wanafunzi waliiona shule yao kuwa mahali pazuri zaidi, dalili za sonona zilipungua, na uonevu pamoja na ukatili vikashuka. Katika shule ambako kazi ilifanywa na mwalimu, hakukuwa na tofauti ya maana na zile ambazo hazikuongezewa kitu. Watafiti walipopima tena mwaka wa pili, pengo lilikuwa limepanuka.

Mwongozo ni uleule, sanduku ni lilelile, aliyebadilika ni mtu. Mimi naielewa hivi: mwalimu ndiye anayetoa pointi, ndiye anayejaza buletini ya matokeo, ndiye anayemwita mzazi, na kwenye shule zetu nyingi ndiye bado anayechapa. Mtoto anajua hivyo vyote kabla hajafungua mdomo. Hata mwalimu mwenye moyo wa dhahabu hawezi kuivua kofia hiyo saa nne asubuhi na kuivaa tena saa tano. Halafu kuna uchovu wa kawaida tu. Mtu anayefundisha darasa la watu 60, kisha anasahihisha daftari 60, muda wa kumsikiliza mmoja kwa nusu saa anautoa wapi?

Upande wa pili wa jambo hili nilijifunza kwa uchungu, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshahamia chini ya mwembe, nyuma ya stoo ya vitabu. Kijana mmoja wa miaka 16 aliletwa kwa sababu kila asubuhi alilala juu ya dawati. Alinyamaza siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu aliniambia kwamba anaamka usiku wa manane, anasukuma baiskeli ya makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka upande wa barabara ya Kasenga hadi sokoni, anarudi kuoga, ndipo anakuja ku masomo. Mama yake alikuwa mgonjwa na minervali, yaani ada ya shule, haikuwa imelipwa. Mikono yake ilikuwa na weusi kwenye mistari ya viganja, ule usiotoka kwa sabuni, na alikuwa akiificha chini ya mapaja.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha walimu kumtetea. "Mtoto huyu si mvivu," nikawaambia, na nikawaeleza yote, makala na ugonjwa wa mama. Walimu waliguswa kweli. Baada ya siku mbili darasa zima lilikuwa linamwita Makala. Alikuja mara moja zaidi, akasimama mbali kidogo na kivuli cha mwembe, akasema: "Mama, juu ya nini ulibaambia?"

Hakurudi tena kwangu. Mwaka aliumaliza, nashukuru kwa hilo, lakini kwangu hakurudi.

Nilichopaswa kufanya hakikuhitaji shahada. Nilipaswa kumuuliza yeye kwanza: nimwambie nani, na nimwambie nini? Ningeweza kumwomba mwalimu wa darasa amhamishie mtihani saa za baadaye bila kutaja sababu. Sasa kila mtoto namweleza mwanzoni kabisa kwamba yanayosemwa hapa yanabaki hapa, isipokuwa kama maisha yake au ya mwingine yako hatarini, au kama kuna mtu mzima anayemdhuru. Hapo sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ipo, na mimi siwezi kunyamaza. Namwambia hivyo kabla hajaanza kusema, ili asije akaona nimemsaliti.

Kuna wanaoniuliza wataalamu tutawatoa wapi. Swali ni la haki. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Tukingoja kiwango hicho hapa, watoto hawa watazeeka. Lakini tazama kilichofanyika Kenya (nchi, si komini yetu ya Lubumbashi yenye jina hilo). Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilitoa utafiti wa mpango uitwao Shamiri. Wanafunzi 413 wa sekondari, wa umri wa miaka 13 hadi 18, wote wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, waligawanywa katika makundi mawili. Wengine walikutana vikundi vikundi mara nne, wakizungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo wanayoyathamini maishani. Wengine walipewa vikao vingi vilevile, ila vya mbinu za kusoma. Walioongoza walikuwa vijana waliotoka sekondari si muda mrefu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini kundi la Shamiri lilipata zaidi, na baada ya miezi saba tofauti ilikuwa bado inaonekana.

Hapa Lubumbashi tuna vijana wanaohitimu saikolojia na sayansi za elimu kila mwaka, na wengi wao wanauza kredi za simu. Wanachokosa ni wa kuwasimamia. Nalitilia mkazo hilo kwa sababu ndilo linalorukwa kwanza bajeti ikibana: kijana anafunzwa siku chache, anapewa ufunguo wa chumba, kisha anaachwa peke yake na vilio vya watu. Huko ni kumwumiza yeye na watoto pia.

Wala nisidanganye kwamba mshauri peke yake anatosha. Wenzetu wa Uganda walijaribu njia ya kubadili shule nzima katika shule 42 za msingi za wilaya ya Luwero, na matokeo yakatolewa mwaka 2015: watoto waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule za mpango, na karibu asilimia 49 katika zile nyingine. Umeona? Hata baada ya mafanikio hayo, karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa bado anapigwa. Na hapa kwetu Katanga, kabla jimbo halijagawanywa mwaka 2015, walimu wa shule za msingi walifunzwa namna ya kulifanya darasa liwe mahali pa kuponya huku wakifundisha kusoma. Watoto waliona kwamba shule na walimu wanawajali zaidi. Afya yao ya akili, kwa jumla, haikubadilika baada ya mwaka mmoja. Mimi hilo halinishangazi. Darasa lenye upole ni jambo jema sana, lakini halichukui nafasi ya mtu wa kukusikiliza wewe.

Mahali pengi mshauri hukumbukwa mwisho wa mwaka wa 8 tu, wakati wa TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwaelekeza wanafunzi, mtoto anapopangiwa seksio, yaani mkondo wa masomo. Kazi yetu kweli ilianzia kwenye kuchagua njia. Frank Parsons alifungua ofisi ya namna hiyo Boston mwaka 1908. Lakini mtoto anayerudishwa nyumbani kila wiki kwa sababu ya minervali haulizi kwanza kama afuate pedagojia au biashara.

Sasa nasimamia vijana watatu katika shule tatu. Kila Alhamisi alasiri tunakaa pamoja, kila mmoja na daftari lake lisilo na majina. Tumeweka pia masanduku, ya mbao, yenye kufuli, na ufunguo anao mshauri peke yake. Mkuu wa shule mmoja alitaka nakala ya ufunguo. Tulizungumza naye karibu saa nzima, akakubali kuiacha, nami namheshimu kwa hilo.

Wiki ya kwanza katika sanduku la shule yake tulikuta karatasi moja tu, imekunjwa mara nne, mwandiko mdogo wa kalamu ya risasi: "Prefe anasoma hizi?" Prefe ndiye mkuu wa shule. Kijana wangu aliandika jibu kwenye ubao wa matangazo kwa herufi kubwa, akaeleza ufunguo uko kwa nani. Jumatatu iliyofuata kulikuwa na karatasi kumi na moja.